Unguja bila kampuni ya utalii: maswali ya safari na msosi ninayoulizwa kila wiki

Mi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Unguja, huu mwaka wa tisa niko Ng'ambo, ule upande wa mji nje ya Mji Mkongwe, na simu yangu haipumziki. Ikifika mwezi wa 6 na wa 12 ndo balaa, kila rafiki wa rafiki anataka kuja "kutembea tu kidogo" na anauliza yaleyale aliyouliza mwenzake jana. Basi nimeyaweka hapa yote, nikitumiwa meseji naituma hii.

Kabla hujasoma lolote, shika moja: kisiwa hiki kinakwenda kwa saa. Samaki ana saa yake, urojo una saa yake, gari ya shamba, yaani ya vijijini, ina saa yake na bahari nayo ina saa yake. Wanaolalamika kwamba Zanzibar ghali na chakula cha kawaida wengi wao walifika mahali sahihi ila muda siyo.

## Kabla hujavuka

Ni lazima nipitie kampuni ya utalii?

Hapana. Unguja ina urefu wa kama kilomita 85 tu, barabara kubwa zina lami na daladala zinafika karibu kila kijiji. Kiswahili unacho. Kampuni inakusaidia pale unapotaka boti ya kwenda Mnemba kupiga mbizi au una siku 1 tu na unataka kuona vitu vinne. Zaidi ya hapo unalipia mtu akupeleke sehemu ambayo ungefika kwa nauli isiyozidi elfu tano.

Mtanzania nahitaji passport?

Huhitaji, ila kitambulisho ni lazima, cha NIDA ndo kizuri zaidi. Bei ya tiketi ya boti kwa Mtanzania na kwa mgeni ni tofauti kabisa, na pale dirishani hawaangalii sura wala lafudhi, wanaangalia kitambulisho. Ukishuka utapita uhamiaji, usishangae, ndivyo ilivyo. Unaonyesha kitambulisho unapita.

Natoka Kenya, au nje ya Afrika Mashariki, mimi je?

Mkenya hahitaji viza, njoo na passport au hati ya muda ya kusafiria. Wageni wasio wakaazi wa Tanzania, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wanatakiwa kukata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Inakatwa mtandaoni, ifanye ukiwa nyumbani, maana nimewaona watu wanahangaika nayo uwanja wa ndege huku simu haina bando. Bima uliyonayo kutoka kwenu haifuti hiyo. Kama unatoka nchi yenye homa ya manjano beba na kadi ya chanjo.

Wa Mombasa wengi wananiuliza kuhusu jahazi. Achana nalo, jahazi la mizigo si la abiria. Ama ndege, ama basi la Lungalunga kuja Tanga mpaka Dar halafu boti.

Boti au ndege? Na nitatapika?

Boti za kasi kutoka Dar zinatumia kama saa 2, ya kwanza inaondoka saa 1 asubuhi. Ndege ni dakika 20 hivi hewani, ila ukihesabu foleni za Dar mpaka uwanjani na kusubiri, boti inashinda. Tiketi kata mtandaoni au dirishani kwa kampuni yenyewe, siyo kwa yule kijana anayekukimbilia barabarani akisema madirisha yamefungwa. Hayajafungwa.

Kutapika inategemea upepo. Kati ya mwezi wa 6 na wa 9 kusi inavuma na bahari inachafuka, mkondo unarusha boti kweli. Kaa chini, nyuma, katikati, usiangalie simu, na tafadhali usile chipsi mayai bandarini. Kipande cha tangawizi mdomoni kinasaidia. Wenye boti wanagawa mifuko wenyewe, ukiona wanaanza kuipitisha kabla hamjatoka bandarini ujue wameshaona hali.

Mwezi gani ni mzuri?

Masika, mwezi wa 3 mwishoni mpaka wa 5, mvua ni ya kweli na hoteli nyingine zinafunga kabisa, ila bei zinaanguka. Vuli ni mwezi wa 10 hadi wa 12, mvua zake fupifupi, unaweza kuishi nazo. Mi napenda kaskazi, Desemba mpaka Februari, joto lipo ila maembe yamejaa: dodo, boribo, shikio la punda. Kama nia yako ni kula, njoo wakati wa embe. Ila kwanza cheki kalenda ya Ramadhani, tazama huko chini kwenye hali maalum.

## Kutembea ndani ya kisiwa

Daladala za shamba zinafanyaje kazi?

Kila njia ina namba imeandikwa mbele. 116 Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe, 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 324 Bwejuu, 326 Kizimkazi. Ya uwanja wa ndege ni 505 na ya Bububu ni 502. Shika ya kwako tu. Vituo vya kuanzia vimekuwa vikihamishwa hamishwa na ujenzi, kwa hiyo ukitoka gesti muulize mtu wa kwanza, "Samahani kaka, gari za Jambiani zinapakia wapi siku hizi?" Hilo neno siku hizi lisisahaulike, la sivyo atakupeleka zilipokuwa mwaka juzi.

Gari haiondoki mpaka ijae, na kujaa kwa huku siyo kujaa kwa kwenu. Juu ya paa kuna godoro, ndoo, magunia ya unga, mara nyingine baiskeli. Ndani kuna mama kapakata mtoto wako bila kukuomba, maana wewe umesimama na yeye amekaa, na ni jambo la kawaida tu. Ukiingia toa salamu, "Asalaam alaykum," gari zima litakuitikia, na kuanzia hapo wewe si mgeni tena. Utaulizwa unakwenda kwa nani. Ukisema kutembea tu watakushusha mlangoni pa gesti na maelekezo juu.

Nauli muulize abiria mwenzako pembeni kabla kondakta hajakufikia, kisha toa pesa kamili bila kuuliza. Mjini mpaka Nungwi ni kama kilomita 60 na itakula saa 1 na nusu hadi 2 kwa sababu ya kusimama simama. Teksi itakuwahisha, ila laki na kitu inaweza kukutoka.

Gari ya mwisho ya kurudi mjini ni saa ngapi?

Hapa ndo wengi wanaumia. Gari za shamba zinafuata maisha ya watu wa shamba: alfajiri zinaleta watu na samaki mjini, mchana na jioni zinawarudisha. Maana yake kutoka kijijini kuja mjini gari nyingi ni asubuhi, jioni zinapungua sana. Ikishapita saa 10 usiwe na uhakika, ikipita saa 11 hesabu unalala.

Yameshanikuta. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda Jambiani, nikaambiwa pweza yuko jikoni anaiva, nikasema sawa nasubiri. Pweza hana haraka. Nimemaliza kula naingia barabarani saa 11 na robo, kimya, mbuzi tu wanapita. Nikalala kwa bibi mmoja jirani na mgahawa na asubuhi akanitoa na chai ya mkandaa, yaani ya rangi, na vitumbua, hela akakataa. Sikujuta, ila usipange hivyo.

Papasi ni nani?

Papasi ni yule mdudu anayenyonya damu, na ndo jina walilopewa vijana wanaokuganda bandarini na vichochoroni wakuuzie safari za kitalii, teksi, gesti, chochote. Wengi hawana ubaya, wanatafuta riziki, ila kamisheni yake iko juu ya bei yako. "Ahsante ndugu yangu, mi mwenyeji," halafu endelea kutembea. Usisimame kujieleza, ukisimama umeshanunua.

Naweza kukodi pikipiki au gari?

Unaweza, ila leseni yako peke yake haitoshi kwa mgeni, kuna kibali cha kuendesha cha Zanzibar na wakodishaji wanakutengenezea. Kiwe mkononi, maana polisi wa barabarani wako wengi na wanasimamisha. Kofia ngumu vaa hata kama unaona wenyeji hawajavaa. Usiku usiendeshe mashamba, ng'ombe hawana taa.

Nilale mjini au ufukweni?

Kama umekuja kula, mjini angalau siku 2, Mji Mkongwe au Ng'ambo ambako gesti ni nafuu. Ufukweni chakula kingi ni cha hoteli, pizza na baga, unalipia mandhari. Halafu hamia pwani siku zilizobaki. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, kuna kelele na watu. Mashariki na kusini, Paje, Jambiani, Bwejuu, kumetulia zaidi ila soma swali linalofuata.

Nimefika Paje asubuhi, bahari haipo! Imekwenda wapi?

Imekupwa, itarudi, kama baada ya saa 6. Pwani ya mashariki maji yanatoka mbali sana, unaweza kutembea nusu saa hujafika shingoni. Nungwi na Kendwa hayatoki hivyo, unaogelea muda wowote.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Muulize mvuvi yeyote, atakwambia bila kuangalia simu. Na usilaani kupwa, maana hapo ndo utawaona kina mama kwenye mashamba ya mwani na wengine wanatafuta pweza kwenye mawe. Vaa viatu, wale wanyama wa baharini wenye miba myeusi wako wengi na mwiba wao ukiingia unakatika ndani.

## Msosi

Nile nini saa ngapi?

Swali muhimu kuliko yote na hakuna anayeliuliza mpaka nimlazimishe.

Alfajiri mpaka saa 3: chai. Chai ya rangi yenye viungo au ya maziwa, na mkate wa ajemi, vitumbua, mandazi, chapati, maharage au mbaazi za nazi. Kuna na supu. Ukiamka saa 4 unakuta masufuria yanaoshwa.

Saa 6 na nusu mpaka saa 8 na nusu: wali. Wali wa nazi na samaki, pilau, biriani. Ijumaa ni siku ya biriani na pilau zaidi, ila wakati wa sala maduka yanafunga, kwa hiyo ama uwahi ama usubiri watu watoke msikitini, na wakitoka wanatoka wote na wana njaa.

Saa 9 alasiri kwenda mbele: urojo. Pia mihogo ya kukaanga, ubuyu wa watoto, juisi.

Magharibi kwenda mbele: mishkaki, bustani ya Forodhani pale pwani ya mjini, mkate wa kumimina, chipsi za wenye haraka. Usiku sana utakuta kahawa tu.

Urojo ni nini hasa? Mbona kila mtu ananiambia tofauti?

Kwa sababu kila muuzaji ana wake. Msingi ni huu: unga wa ngano unakorogwa na maji baridi usishike madonge, unatiwa manjano, embe mbichi iliyochemshwa ikapondwa, ndimu na chumvi, halafu unachemshwa huku unakoroga mpaka unakuwa mwepesi kama uji wa mgonjwa, rangi ya njano, mchachu. Huo peke yake si chakula. Chakula ni vinavyoingia: viazi vya kuchemsha, bajia za kunde, badia za dengu, kachori, vipande vya mishkaki, yai, kijiko cha chatne ya nazi, pilipili ya kusaga, na juu kabisa chipsi za muhogo zimevunjwa vunjwa.

Karibu na kwetu kuna bi mkubwa anauza barazani, meza moja, bakuli za plastiki na foleni. Hasemi sana. Anakuangalia, "Pilipili?" Ukisema kidogo anatia moja. Ukisema nyingi anakuangalia tena, "Mgeni wewe?" halafu anatia moja vilevile. Muhogo anautia mwishoni mbele yako ili usilainike, na ukichukua bakuli ukaanza kupiga picha atakuambia, "Kula, mwanangu, unarojeka." Na kweli, ukichelewa dakika 5 umeshakuwa kitu kingine.

Bei mara nyingi niliyokuta ni elfu 2 hadi 3, ikitegemea nyama na yai. Ukiona menyu ya mgahawa imeandika mix, yaani urojo, kwa elfu 15 ni ileile, umelipia kiti.

Forodhani ni ya watalii tu?

Nusu kwa nusu. Bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009 na tangu hapo imekuwa safi, wenyeji wanakuja na familia jioni kuona vijana wanavyopiga mbizi kutoka ukutani jua likizama. Ila wenyeji hawanunui kila kitu pale.

Meza zenye vijiti vya kamba, kaa na jodari zimepangwa kwa ajili ya taa na kamera. Tatizo lake ni kwamba huwezi kujua kijiti kimelala hapo tangu lini, na kinapashwa tu moto mbele yako. Kama huna tumbo la chuma acha. Bei pia inatajwa mwisho, baada ya sahani kujaa, halafu mnagombana. Uliza kila kijiti bei yake kabla hakijagusa sahani.

Vya kununua pale bila wasiwasi ni vinavyopikwa kuanzia mwanzo ukiwa umesimama. Juisi ya miwa inakamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, waambie wapunguze barafu. Na ile wanayoiita Zanzibar pizza, ambayo pizza siyo: donge la unga linatandazwa mpaka unaona meza chini yake, linatiwa nyama ya kusaga, kitunguu, yai, linakunjwa kama bahasha na kukaangwa kwenye samli. Watu wa Mombasa wakiiona wanasema huyu ndugu yake mkate wa mayai. Siku hizi wanaweka mpaka chokoleti na ndizi, sina la kusema.

Wapi nitapata chakula cha kwao cha kweli cha mchana?

Toka Mji Mkongwe, vuka barabara ya Darajani, ingia Ng'ambo. Tafuta sehemu ambayo saa 7 mchana madereva wa daladala wanakula. Huwezi kukosea. Hakuna menyu, unauliza "Leo kuna nini?" na unajibiwa kwa pumzi moja: wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchuzi wa papa, maharage, kisamvu, kachumbari. Nyanya zenyewe utasikia zinaitwa tungule, usishangae.

Biriani na pilau wageni wanachanganya. Pilau wali unapikwa na nyama na viungo pamoja, rangi ya hudhurungi, harufu ya bizari na iliki. Biriani rosti yake inapikwa mbali na wali mbali, unapakuliwa wali chini na rosti juu. Boko boko ni ngano na nyama vimepondwa mpaka vimevutana, kizito sana, hicho ukikikuta kwenye harusi au sikukuu usikiache.

Natafuta pweza mzuri.

Nenda kusini, Jambiani, Makunduchi au Kizimkazi, na nenda siku za bamvua maana maji yakipwa sana ndo wanapatikana wengi. Akishatolewa anapigwa kwenye mwamba mpaka nyuzi zilegee, asipopigwa ni raba. Vijiji vingine vya kusini, Kizimkazi ikiwemo, vimekuwa na utaratibu wa kufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa pweza wakue, siku ya kufungua ni kama sikukuu na bei inashuka.

Mpikaji mwambie mapema asubuhi, tui la nazi kamulisha la leo, la kopo linajulikana. Na kama unarudi mjini kumbuka yaliyonikuta kwenye swali la gari ya mwisho.

Naweza kununua samaki Darajani nikapikiwe?

Ndiyo, na ni rahisi kuliko unavyofikiri. Soko la Darajani lipo tangu 1904, asubuhi utakuta mnada, samaki chini kwenye sakafu, dalali anapaza sauti na watu wanaitikia kwa nyusi tu. Usikohoe vibaya utaondoka na jodari mzima. Pia lipo soko la samaki la Malindi karibu na bandari. Angalia macho yawe maangavu yanang'aa, mashavu mekundu ndani, na ukimbonyeza nyama irudi. Kuanzia adhuhuri usinunue, joto limeshafanya kazi yake.

Watakuparia palepale kwa pesa ndogo. Gesti nyingi za Ng'ambo mama mwenye nyumba atakupikia ukimwomba kwa adabu, mpe na hela ya nazi na mkaa.

Sili nyama wala samaki, nitaishi?

Utaishi vizuri. Maharage ya nazi, mbaazi, kisamvu, mashelisheli, ndizi za nazi, badia, kachori, urojo usio na mishkaki. Ila sema wazi "hata supu ya nyama usitie," maana kwa wengine mchuzi si nyama.

Kahawa?

Jaws Corner, Mji Mkongwe, jioni. Kikombe kidogo, chungu, na kashata. Kaa barazani, wazee wanacheza dhumna na bao na wanabishana siasa na mpira. Wewe sikiliza.

Viungo ninunue wapi?

Darajani, uzani wa kawaida, siyo vile vikapu vya pakiti za rangi. Kama unataka kuona vinavyoota nenda Kizimbani au Kidichi.

## Hali maalum

Nimepata likizo wakati wa Ramadhani, nije?

Njoo ukijua. Mchana migahawa ya mitaani imefungwa na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani ni kosa ambalo watu wamekamatwa kwalo, wasio Waislamu pia. Hoteli za kitalii zinawapa wageni chakula ndani. Watoto, wagonjwa, kula chumbani.

Lakini magharibi ikiingia! Ndo wakati wa chakula bora kuliko mwaka mzima: tambi, mihogo ya nazi, kaimati, sambusa, katlesi, mkate wa kumimina, uji, na mitaa iko macho mpaka daku. Ukialikwa futari usikatae na usiende mikono mitupu, tende au matunda yanatosha. Kila mwaka inasogea nyuma kama siku 11.

Nivaeje? Na picha? Na bia?

Mjini na vijijini mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia jamani, kutembea kifua wazi Darajani ni aibu. Ufukweni wa hoteli vaa unavyotaka. Picha za watu omba kwanza, hasa kina mama. Bia ipo kwenye hoteli na baa za watalii, usitembee na chupa mtaani.

Nakuja na mpenzi wangu, tutaombwa cheti cha ndoa?

Gesti nyingine za wenyeji zinauliza, hasa mkiwa nyote Watanzania. Hosteli na hoteli za kitalii mara nyingi hawana habari. Piga simu uulize kabla hujalipa, usibishane mapokezi saa 4 usiku.

Tumbo limevurugika, nifanyeje?

Maji ya kupakiwa, ORS kutoka duka la dawa, dafu, wali mweupe. Ikifika siku ya pili na homa, nenda hospitali, Mnazi Mmoja ni ya rufaa na iko mjini. Chanzo mara nyingi ni barafu au vijiti vya Forodhani, nimeshasema.

Mwiba mweusi wa baharini umeniingia.

Wenyeji watakupaka utomvu wa papai bichi, nami nimepakwa na nilitulia. Vipande vilivyobaki juu vitolewe na kibanio, vya ndani au ikivimba nenda kituo cha afya.

Nikimaliza Unguja niende Pemba?

Kama umefurahia daladala na barazani kuliko ufukwe, nenda. Wageni ni wachache, vilima, mikarafuu, msitu wa Ngezi, na halua ya Wete ambayo watu wa Unguja wenyewe wanaagiza. Kama unataka muziki wa usiku baki Nungwi.

Nirudi nyumbani na nini?

Halua, ubuyu, kashata, viungo, papa mkavu. Papa mkavu mfunge mara tatu, plastiki ya aina ile ya mifuko ya zamani ni marufuku kwa hiyo tumia ndoo yenye mfuniko, na usimweke karibu na nguo. Shemeji yangu mmoja alimweka kwenye begi moja na suti ya harusi. Harusi ilikuwa Morogoro, na mpaka keki inakatwa watu wa meza ya mbele walikuwa bado wanaulizana harufu inatoka wapi.